Nilimsingizia Mke Wangu Kukoroma

Daktari aliponiambia moyo wangu umetanuka, nilimjibu hilo nalijua, ndiyo maana wateja wote nawapenda. Hakucheka. Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiye na mdomo akanyoe kondoo.

Kazini nilijifunza kuficha. Pumzi ikikata katikati ya kichwa cha mtu, nazima mashine, narudi nyuma hatua moja, nainamisha shingo kama ninayekagua ukingo wa nywele. "Huyu mzee makini sana," wanasema. Umakini gani! Natafuta hewa.

Nyumbani ujanja huo haukufaa. Nikilala chali, maji yananipanda kifuani kama ndoo iliyosahauliwa chini ya bomba, nakurupuka nikihema. Nikaanza kukiogopa kitanda tangu alasiri. Mwanamume mzima, nimelelewa na njaa na makofi ya walimwengu, naogopa godoro! Ningemwambia nani? Nikahamia kwenye kochi la sebuleni, nikawa nalala nimekaa. Mke wangu aliponiuliza kulikoni, ulimi ukanitangulia.

"Unakoroma, mama watoto. Nyumba nzima inatikisika."

Nilidhani atanijibu mbovu, tucheke, yaishe. Aliniamini. Kesho yake nikamsikia akimuuliza jirani kama kukoroma kuna dawa.

Ikapita miezi mitatu. Binti yetu akajifungua mtoto wake wa kwanza, akamwomba mama yake aende akae naye hata mwezi. Mke wangu akawa na visingizio: mara goti, mara mvua. Nilishuku sababu, nikajiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo nayo huzaa wiki ijayo.

Siku ya kliniki alinisindikiza, kadi yangu na mfuko wa dawa kavishika yeye. Muuguzi, akitaka kujua pumzi inanisumbua kiasi gani usiku, akauliza, "Baba, unalalia mito mingapi?"

"Mmoja, sista. Na huo wenyewe nauonea huruma."

"Samahani, sista," mke wangu akasema taratibu. "Halali kitandani kabisa. Analala kwenye kochi, amekaa. Lakini huo si ugonjwa. Ni mimi." Akainamia kadi. "Nakoroma sana. Hata kwa binti yangu nimeshindwa kwenda. Anaishi na wakwe zake. Nikiwaamshia mtoto, uso wangu nitauweka wapi?"

Muuguzi akaweka kalamu chini. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Baba, ukilala chali inakuwaje?"

Mizaha mitatu ilikuwa tayari mdomoni. Masikio yaliniwaka moto, nikaimeza yote mitatu.

"Nakata pumzi. Naogopa, sista. Jua likianza kushuka tu, naogopa. Kuna siku natamani nisiamke, nipumzike." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Na yeye hakoromi. Nilimsingizia."

Muuguzi akasema woga na huzuni ya namna hiyo huwapata wagonjwa wengi wa moyo na wa mapafu, si udhaifu, na inatibika kama unavyotibika uvimbe wa miguu. Nisitoke bila kuonana na daktari, na nikitoka kwake nipite kwa mshauri, chumba cha pili. Nilimsikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwa mke wangu.

Tulikaa kwenye benchi la nje, kati ya wagonjwa wengine, tukisubiri daktari.

"Miezi minne," alisema. "Nimelala nimejifunga kitambaa kidevuni kama maiti, ili mdomo usifunguke. Na wewe uko sebuleni unajua."

"Niliona aibu."

"Ukaamua nikubebee?"

Nikamgeukia.

"Nisamehe, mama watoto."

"Usianze na mimi." Akatoa simu, akabonyeza namba ya binti yetu, akaniwekea sikioni. "Mwambie kwa nini mjukuu wangu sijamwona. Na usimchekeshe."

"Haloo, mama?" binti akaitika. Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

"Ni baba yako," nikasema, na pumzi ikakata palepale, mbele ya benchi zima. Nilifumba macho, nikaisubiri irudi. Mke wangu naye alisubiri, simu kaishikilia sikioni mwangu, haniangalii.

"Baba? Kuna nini?"

"Mama yako anakuja," nikasema. "Lakini kwanza kuna jambo nimelifanya, mwanangu."