Hatua Arobaini

Saa moja asubuhi mpima tope alisaini kitabu cha getini, akavaa mabuti ya mpira, akachukua kopo, upawa wa mpini mrefu na fomu zake, akateremka bwawani. Bwawa hilo halikuwa na samaki wala mbu. Lilikuwa la tope jekundu, takataka zilizobaki kiwandani baada ya aluminiamu kuchujwa na kwenda kuwa masufuria na fremu za madirisha ya watu wengine, na lilichoma ngozi. Jumanne hiyo, katikati, mahali ambapo hata ubao wa kukanyagia haukufika, aliona unyayo mmoja. Ulikuwa wa buti la kushoto, na kisiginoni palikuwa na alama ya kiraka. Alikitambua kiraka, maana alikibandika yeye. Kwenye fomu alijaza unyevu na rangi, na kwenye nafasi ya maoni akaandika: unyayo mmoja, kushoto.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Miaka saba nyuma alisaini kuingia, akatumwa kuziba bomba juu ya bwawa, hakusaini kutoka. Kampuni iliandika barua kwamba ametoroka kazini. Watu, ambao midomo yao haina likizo, walimtafutia mpaka mwanamke wa kutoroka naye. Aliyekataa ni mama mkwe peke yake. Kila jioni aliweka beseni la maji mlangoni, kwa sababu mwanawe hakuwa mtu wa kuingia ndani na miguu michafu.

Jumatano ukatokea unyayo wa kulia, mbele ya ule wa kwanza. Alhamisi, wa kushoto. Mumewe alikuwa anakuja, hatua moja kwa siku, na tangu alipoanzia hadi ukingo wa upande wa geti zilikuwa hatua arobaini. Mke alipima mara mbili kwa mpini wa upawa. Akifika ukingoni, kila mtu ataona alikuwa humo siku zote, na ile barua itafutwa. Alichotaka ni hicho tu.

Shida ilikuwa upande wa pili wa bwawa. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba takataka zake zina mali: chuma kingi, titani kiasi, na madini mengine machache ambayo mkemia aliyataja kwa sauti ya chini, kama anayeogopa yatasikia. Katapila lilichota tope, tope likakaushwa, likachomwa kwa makaa, sumaku ikavuta chuma, na chuma kikayeyushwa kuwa vipande mfano wa tofali. Kwa mwendo huo katapila lingezifikia nyayo siku ya ishirini na nane tangu ule unyayo wa kwanza.

"Shemeji," alimwambia dereva wa katapila, aliyewahi kufanya zamu moja na mumewe, "huwezi kuchimba kwingine kwanza?"

Dereva alizitazama nyayo. "Huyu anatembea vilevile. Miguu nje kama bata." Akafikiri. "Kuhama siwezi. Kuharibika naweza."

Katapila likaharibika siku tatu. Siku ya nne mkuu wa kazi alikuja na spana yake mwenyewe, likapona.

Nyumbani mama mkwe aliuliza kila jioni, "Amebakiza ngapi?"

"Kumi na mbili, mama."

"Hakuwa mvivu mwanangu. Ni tope hilo, zito."

Mke aliingia jikoni akalia, kisha akapika.

Zilipobaki tisa, katapila likafika. Dereva alizima injini, akavua kofia, kisha akawasha injini tena, akachota. Wiki iliyofuata vipande tisa vya chuma vilitoka tanurini kila kimoja na unyayo wake juu, zile hatua tisa zilizobaki: kulia, kushoto, kulia. Mkaguzi alivipima. Uzito ulikuwa sawa, akavipitisha.

Ofisi ilimtuma mhandisi, mtu mpole mwenye futi ya mfukoni. Alilinganisha nyayo za kwenye chuma na fomu za mke, kisha na daftari la stoo la kugawia mabuti, akauliza habari za kiraka. Mke akamweleza: mpira wa tairi la baiskeli, gundi, na jinsi alivyolikalia buti mpaka kiraka kikashika. Mhandisi aliandika yote. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba mtu wa ofisi alikuwa akimsikiliza, na alifurahi hata akaona haya.

Barua ilikuja Ijumaa, siku ileile vipande vilipopakiwa kwenye lori na mlinzi akaandika kitabuni: chuma, vipande tisa, nje. Mke alimsomea mama mkwe mlangoni, amesimama. Nyayo zimechunguzwa na kuthibitishwa kuwa ni za mfanyakazi aliyetajwa. Zote zilikuwa zikielekea getini. Kwa hiyo imethibitika pasipo shaka kwamba aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, na faili limefungwa.

Mama mkwe aliliinamia beseni.

"Hatua ile ya mwisho," alisema, "ilikuwa mguu gani?"

"Wa kulia."

"Basi wa kushoto bado."

Akachukua beseni, akamwaga maji ya jana, akajaza mapya.