Miche Iliyolazwa Mizizi Juu

Miche ilikuwa imeng'olewa tena. Mitano, imelazwa ukingoni mwa kitalu, mizizi juu. Rukiah akarudi mlangoni kukagua kufuli, maana aliyelaza magugu namna hiyo alimjua mmoja tu, na huyo walimzika Aprili.

Ufunguo wa banda la utafiti lenye kitalu hicho, huku nyuma ya mtaa wa Wandegeya, alikuwa nao yeye peke yake. Akamuuliza mlinzi, Gradi.

"Dada, mimi silali. Hakuna mtu alipita."

Basi ni nani? Shetani hapalilii shamba la mtu.

Misimu mitatu nyuma, Mzee Okwera, huyo marehemu, akiwa mpaliliaji wao, aling'oa mche mmoja katika wimbi la Rukiah, ulezi wake wa majaribio. "Binti, hii si wimbi. Hii nyasi ya porini, imevaa nguo ya wimbi." Rukiah na shahada zake akaona amedharauliwa. Akaurudisha mche udongoni, akamshtaki mzee kwa mkubwa, na mzee akafukuzwa kazi. Aliondoka na jembe lake. Mche ule ukazaa ajabu, Rukiah akaipa mbegu yake jina la mama yake, na Jumatatu ijayo ilikuwa igawiwe wakulima.

Na ile miche mitano ilikuwa ya uzao huo huo. Mingine haikuguswa.

Akaenda mistari ya nyuma, iliyokomaa. Kila suke lilivikwa mfuko wa kaki tangu lichanue, lisipate chavua ya jirani. Misimu yote alivuna suke na mfuko wake, akikuta mbegu zimejaa mfukoni, akifurahi kwamba wimbi lake ni jepesi kupura. Elimu nayo, jamani! Leo alivua mfuko kwanza, akaligusa suke kwa kidole. Mbegu zikamwagika chini zote, kama za nyasi yoyote ya porini. Kwa mkulima, asiyevika masuke mifuko, isingebaki hata punje ya uji.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema.

Akapiga magoti, akaung'oa uzao wote kwa mikono yake, akaulaza ukingoni, mizizi juu. Mbegu za ghalani akazichoma, pamoja na vibandiko vyenye jina la mama yake.

Kesho yake alifika mapema, akafungua kufuli. Akatazama ukingoni mara mbili, mara tatu. Hakuna mche mpya ulioguswa. Ndipo alipolia, maana sasa mzee hakuwa na sababu ya kurudi.