Mbwa Aliyeachwa Kimuka

Munguti alikuwa akipeleka chakula cha kuku kwa pikapu kutoka Kitengela hadi Kimuka, na kwa miaka tisa mbwa wake, Chui, alisafiri naye. Mwaka jana Chui alianza kuburuta mguu wa nyuma mpaka kucha zikatoka damu. Munguti alidhani ni uvivu. Siku moja hata alimpiga teke kwa kuchelewa kupanda gari.

Daktari wa mifugo ndiye aliyemweleza. "Ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Hauumi, lakini hauna dawa. Miguu ya nyuma itaisha nguvu kabisa, halafu ya mbele. Kwa sasa mshikilie tumbo kwa kitambaa, atatembea."

Kalunde, mkewe, alitoa leso. Asubuhi Munguti alipomtembeza Chui hivyo, majirani walicheka: "Mzee, siku hizi unalea mtoto?" Chui alipoanza kujikojolea, Munguti akawa anamtoa nyuma ya nyumba tu, asionekane.

Jumanne moja, Kalunde akiwa kanisani, Munguti alimpakia Chui na kwenda kumwacha Kimuka, kando ya birika la ng'ombe. Alirudi akasema, "Alikufa njiani. Nimemzika."

Kalunde alilia. "Nipeleke nione kaburi."

"Ni mbali," Munguti akasema.

Siku ya tano Munguti aliwasha tena pikapu. Aliendesha hadi Kimuka. Pale birikani alimkuta mama mmoja mfugaji, Nalangu, amepitisha shuka chini ya tumbo la Chui, akimtembeza polepole.

"Takwenya, mama," Munguti akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Huyu nilimpata hapa na kiu, mtu alimtupa. Wewe unamjua?"

"Hapana," Munguti akajibu.

Chui aliisikia ile sauti. Alijivuta kwa miguu ya mbele, mkia haukuweza kutikisika, akafika na kuweka kichwa juu ya kiatu cha Munguti.

Nalangu aliwatazama wote wawili. Munguti alitamani mama huyo amtukane.

"Mpeleke," Nalangu akasema. "Na hii shuka ubaki nayo. Naona wewe huna."

Nyumbani, Kalunde alifungua geti akasimama. "Nilikudanganya," Munguti akasema. Kalunde alimbeba Chui, akamwosha, akamlaza sebuleni. Ilipita wiki nzima ndipo akauliza, "Ningesisitiza kuona kaburi, ungenionyesha lipi?"

Munguti alichukua ile shuka, akamtoa Chui nje.

Chui aliishi miezi minne zaidi. Munguti alimgeuza asipate vidonda, akamsafisha, akamtembeza barabarani mchana kweupe. Miguu ya mbele ilipoisha nguvu, walimwita daktari amlaze kwa sindano, na Munguti akamshika kichwa mpaka mwisho.

Bado anapeleka chakula Kimuka. Nalangu humsalimia vizuri, humuuliza habari za watu wa nyumbani, na Munguti hujibu akitazama chini.