Barua Alizozipitisha Matroni

Kwa miaka kumi na saba Bi Rukaiya alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana upande wa Pugu, na kwa miaka yote hiyo hakuna barua iliyomfikia mwanafunzi bila kupita mikononi mwake. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Mtoni, mtu wa maneno machache. Barua za wazazi alizifungua, akazisoma, akazigonga muhuri wa "Imekaguliwa". Barua ya mwanamume ambaye mzazi hakumwandika kwenye orodha ya ndugu hakuifungua kabisa. Aliitia kwenye droo, ikakaa humo mpaka shule ifungwe. Wasichana walimchukia kwa hilo, naye alijua. Lakini alikwisha kuwasindikiza wasichana watano waliorudishwa kwao na mimba, akaona heri achukiwe.

Mwaka 1999 shule ikapata kompyuta moja iliyounganishwa na laini ya simu. Kila Jumamosi Mwalimu Wilbert wa hesabu alipokea barua pepe za wasichana, zote kwa anwani moja ya shule, akazichapa na kumpelekea Bi Rukaiya. Muhuri ukawa uleule. Kilichomsumbua matroni ni kwamba barua hizi hazikuwa na mwandiko. Mvulana aliyejifanya shangazi kwa kalamu alimgundua mara moja. Hizi za mashine zilifanana zote.

Katika kidato cha tatu alikuwepo Demetria, binti wa marehemu Leonardi, mchonga vinyago wa Mwenge aliyetokea Masasi. Yeye alichora kwa penseli, hasa mikono ya watu: mikono inayochambua mchele, mikono inayofua. Mwezi wa pili gazeti moja lilichapa mchoro wake kwenye ukurasa wa vijana, pamoja na jina lake na anwani ya shule. Haukupita muda akaandikiwa na msichana aliyejiita Anjelina, mwanafunzi wa Moshi, naye mpenda kuchora. Bi Rukaiya alizisoma barua za Anjelina moja baada ya nyingine. Zilikuwa na adabu. Zilizungumzia penseli, mitihani, na mjomba wake mwenye duka la sanaa. Akazipitisha zote kumi na moja.

Mwezi wa tano, siku ya wazazi kutembelea shule, mama yake Demetria alikuja amevaa nguo nyeusi. Baada ya dakika chache msichana akaingia ofisini kwa matroni bila kubisha hodi.

"Shikamoo Matroni. Naomba barua yangu."

"Marahaba. Barua gani?"

"Ya Ferdinand, mtoto wa mjomba wangu. Mama anasema aliniandikia wiki saba zilizopita."

Bi Rukaiya akafungua droo. Bahasha ilikuwepo, na jina la Ferdinand nyuma yake. Demetria aliichana pale pale akasoma amesimama. Bibi yake mzaa mama alikuwa amefariki Masasi. Mama yake alipopata habari alikimbilia basi la kusini, akamwachia Ferdinand kazi ya kumjulisha bintiye.

"Pole sana mwanangu," alisema Bi Rukaiya. "Ila sheria ndiyo hiyo. Jina lake halikuwa kwenye orodha."

Demetria akakunja barua. "Wameshamaliza hadi arobaini, Matroni. Mie nilikuwa hapa nacheza netiboli."

Hakulia mbele yake. Mwisho wa mwezi huo barua za Anjelina zikakoma, na Bi Rukaiya akadhani urafiki ule umepoa tu, kama unavyopoa urafiki wa karatasi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba wasichana walipewa ruhusa ya kutoka. Demetria aliaga kwamba anakwenda kwa mama yake Mtoni. Saa tatu asubuhi Zubeda, jirani yake wa kitanda, akamfuata Bi Rukaiya kwenye ghala la chakula. Alikuwa anasokota ncha ya mtandio wake.

"Matroni, nikikwambia kitu, Demetria atafukuzwa?"

"Sema kwanza."

"Basi siwezi."

Bi Rukaiya aliweka chini kibaba cha maharage. Katika miaka kumi na saba hakuna msichana aliyewahi kumpa sharti. "Sitamfukuza mie," akasema. "Sema."

Zubeda akasema. Ruhusa ya mwisho wa mwezi wa tano walikwenda pamoja kwenye intaneti kafe, Demetria akafungua anwani yake mwenyewe, na ya mwezi wa sita wakarudi tena. Akamwambia Anjelina amwandikie huko, maana ya shule inasomwa na watu, na Anjelina akamsifu kwa hilo. Katika barua ya mwisho Anjelina aliandika kwamba mjomba wake atakuwa Dar leo kuangalia michoro, na atamsubiri Mwenge saa sita.

"Hilo lingenitosha kuogopa," alisema Zubeda, "lakini amemwandikia asije na mtu. Kwa nini asije na mtu?"

Bi Rukaiya aliondoka na kanga ya jikoni mabegani. Alipofika Mwenge saa sita ilikuwa imepita. Alipenya kati ya vibanda, kwenye vumbi la mpingo na kelele za tupa, akiulizia binti wa Leonardi. Mzee mmoja mchongaji alimwonyesha kwa patasi. "Yuko kule mwisho, na bwana mmoja."

Walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mtu yule alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, shati limenyooshwa vizuri, na jalada la michoro lilikuwa mapajani mwake. Alisimama kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mie ndiye mlezi wa huyu. Anjelina yuko wapi?"

"Tumekuja naye, yupo tulikofikia, ana homa kidogo. Nilikuwa nampeleka binti akamjulie hali."

"Vizuri. Basi twende wote watatu."

Mtu yule akatazama saa yake. Akasema gari ameliacha mbali, wamsubiri hapo hapo, analileta. Akaondoka na jalada kwapani. Walikaa nusu saa. Hakurudi.

"Ameondoka na michoro yangu," alisema Demetria. Kisha: "Anjelina atadhani sie tumemfukuza mjomba wake."

"Mwanangu, hakuna Anjelina."

Msichana alimtazama kana kwamba ametukanwa. Alipoanza kulia, wachongaji wa karibu walisimamisha kazi.

"Bibi alipofariki, yeye peke yake ndiye aliyeniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani," akasema. "Nilimwandikia kurasa tatu. Matroni, nilimwandikia nani?"

Bi Rukaiya alivua kanga akamfunika mabega, akampeleka kituo cha polisi. Askari aliandika maelezo, akasema bila jina la kweli la mtu yule watafanya wanachoweza.

Mkuu wa shule, Mwalimu Herieth, aliitisha kikao Jumatatu. Alikuwa mama mwenye hofu ya wazazi, tena si bila sababu. Alitaka Demetria afukuzwe kwa kudanganya ruhusa, na kompyuta irudishwe kwa walioitoa.

Bi Rukaiya akaweka mezani karatasi kumi na moja zenye muhuri, na pembeni yake bahasha ya Ferdinand aliyoiomba kwa Demetria.

"Hizi za yule mtu nimezisoma na kuzipitisha mie," alisema. "Hii ya ndugu yake, yenye habari ya msiba, ndiyo niliyoizuia. Kama kuna wa kufukuzwa, tuanzie hapo."

"Kwa hiyo tuwaachie tu, Bi Rukaiya? Waandikiane na kila mtu?"

"Sijasema hivyo. Nasema waliogopa kuniambia, maana kila aliyeniambia aliadhibiwa. Zubeda kidogo asiseme. Angenyamaza, leo tungekuwa tunamtafuta mtoto."

Walibishana mpaka adhuhuri. Demetria alirudishwa nyumbani wiki mbili. Bi Rukaiya alipewa onyo la maandishi. Chumba cha kompyuta kilifungwa hadi muhula uliofuata, na bweni zima likamlaumu Zubeda. Walimwita mnoko, wakaacha kula naye meza moja. Demetria aliporudi hakumtetea, wala hakumtukana. Ilipita miezi mitatu kabla hawajaonekana wakifua pamoja. Kuchora, Demetria hakuchora tena mwaka ule.

Kompyuta ilipofunguliwa, Bi Rukaiya alitangaza mstarini kwamba hatafungua tena barua ya mtu, ila atakaa chumbani humo kila Jumamosi, na atakayeletewa neno asilolielewa amwonyeshe bila kuogopa adhabu. Majuma saba hakuna aliyemsogelea.

Juma la nane Mwajabu wa kidato cha pili alimletea karatasi. Kuna mtu wa Arusha aliyejiita msichana, naye alitaka picha yake. Bi Rukaiya alisoma mara mbili. Huenda alikuwa msichana kweli.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Wewe mwenyewe unaonaje?"

Mwajabu akavuta kiti, akakaa.