Aliyemsifia Fundi Rangi

Kipande cha rangi kilibanduka darini, kikatumbukia kwenye kikombe cha chai cha mteja, na hapo ndipo Mama Pindo uvumilivu ulipomwisha. Alikuwa fundi cherehani, mishono yake imenyooka hata upande wa ndani usioonekana na mtu, na sebule ya nyumba ndiyo iliyokuwa duka lake. Mumewe alikuwa ameahidi kuipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe tangu alipostaafu kazi ya bohari. Alianzia mlango wa bafuni, akaupaka nusu, akasema anasubiri ukauke. Kitinda mimba wao akaoa, akapata watoto, mlango bado unakauka. Majirani walimwita Bwana Kesho, naye aliitika bila kinyongo.

"Natafuta fundi," Mama Pindo alimwambia.

Bwana Kesho hakununa hata kidogo. "Sawa, ila kumsaili niachie mimi. Mafundi wa siku hizi si watu wa kuamini. Mtu anaanza kazi, hamalizi."

Mama Pindo alimtazama, kisha akautazama mlango wa bafuni.

Fundi wa kwanza alikuja na suruali iliyopigwa pasi na simu iliyojaa picha za majumba.

"Hii yenye bwawa la kuogelea iko mtaa gani?" Mama Pindo aliuliza.

"Hiyo ya mtandaoni, mama. Ni mfano tu."

"Na uliyoipaka wewe?"

Fundi alipitisha kidole kwenye kioo cha simu, akapitisha tena, kisha akasema chaji inamwishia.

Wa pili alitaja bei akiwa bado getini, akaapa kwamba nyumba nzima ataimaliza kabla jua halijazama. Bwana Kesho alimpenda papo hapo. "Huyo anaijua kazi," alisema. "Hata kuangalia haangalii!"

Wa tatu alikuwa mtu mzima, mrefu, mchache wa maneno. Alivua viatu mlangoni, akakwaruza ukuta kwa ukucha, akaugonga, akauliza maji ya mvua yanashukia upande gani. Alisema atakwangua rangi ya zamani, atajaza nyufa, na hatagusa brashi mpaka ukuta ukauke.

"Umewahi kuacha kazi katikati?" Bwana Kesho alimuuliza, miguu ameipandisha juu ya stuli.

"Hapana, mzee."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Bwana Kesho alimnong'oneza mkewe, "Mwongo huyu. Binadamu gani huyo?"

Mama Pindo alitaka jina la mtu aliyewahi kufanyiwa kazi naye. Fundi alisita, akatazama soksi zake, mwishowe akamwelekeza kwa mwoka mikate wa nyuma ya soko. "Atakwambia ukweli," alisema. "Hanipendi."

Mama Pindo alikwenda asubuhi iliyofuata. Mwoka mikate, mwanamke mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alipolisikia jina la fundi aliupiga donge la unga ngumi moja, kisha akamkaribisha ndani. Kuta za sebule zilitulia kama maji ya mtungini. Pembe zote zilikuwa safi, hakuna tone sakafuni, hakuna brashi iliyoteleza kwenye fremu ya dirisha.

"Kazi yake ndiyo hii," mwoka mikate alisema. "Akisema anafika saa mbili, saa mbili yuko mlangoni. Akimaliza anafagia. Kitu chako hakipotei. Mchukue, dada, hutajuta."

"Mbona kasema humpendi?"

"Nilikuwa mke wake." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Nyumba za watu alifika saa mbili. Hapa alifika akijisikia. Za watu alieleza atafanya nini, lini, na kwa nini. Mimi nilikula naye miaka mezani sijui anawaza nini. Siku ya kuachana alinipakia rangi sebule hii, akafagia, akaondoka. Hata kwaheri sikusikia."

Mama Pindo alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Sifa zinazotoka kwa mtu aliyekasirika hazina sukari ya kuongezea. Akamchukua fundi.

Kazi ilikwenda kama ilivyosemwa. Vyerehani vilifunikwa, kuta zikakwanguliwa, zikakauka, zikapakwa, zikapakwa tena. Bwana Kesho alisimamia kutoka kwenye kiti, akitoa maelekezo ambayo fundi aliyapokea kwa "ndiyo, mzee" na kuendelea na yake. Siku ya mwisho, sebule ikinukia rangi mpya, fundi aliosha brashi zake, akabaki amesimama.

"Mama, yule... alisemaje?"

"Alikusifu."

Uso wa fundi ulifunguka kama dirisha. "Alinisifu? Yeye? Basi nishonee shati, mama. Zuri. Nataka niende kumwona."

Mama Pindo alijuta palepale. Angeweza kuchukua vipimo na kunyamaza, kwani shati ni kazi kama kazi nyingine. Lakini alimhurumia. "Kaa kwanza, baba. Alizisifu kuta. Wewe alikusema." Akamweleza yote, na kwaheri isiyosikika pia.

Fundi alizigeukia kuta alizotoka kuzipaka. "Nilidhani sebule ndiyo ilikuwa kwaheri," alisema. Kisha akanyoosha mikono apimwe.

Wiki haikuisha, mwoka mikate akapiga simu. "Dada, yule mtu kaja na shati jipya, anataka kunipakia rangi jikoni. Nikamwambia nitaulizia kwanza kwa watu aliowafanyia kazi."

"Kazi yake si unaijua?"

"Kazi siulizii. Huko kwako alikuwa anaongea? Anaaga akiondoka?"

Mama Pindo alikumbuka. "Maneno machache. Ila kuaga anaaga."

"Anaaga? Basi mwambie aje. Jiko tu! Na alipwe kama fundi yeyote."

Jiko lenyewe lilikuwa dogo, mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Fundi alifika saa mbili kamili. Akakwangua. Akajaza nyufa. Akasema ukuta una unyevu, lazima usubiriwe. Wakausubiri wakinywa chai. Kesho yake akagundua ufa mwingine, keshokutwa mwingine, yote ikabidi aeleze kwa kirefu, nini, lini, na kwa nini, na mwoka mikate akavuta kigoda akasikiliza. Rangi aliyochagua mwenye jiko ikaonekana imekolea mno, ikabadilishwa. Ya pili ikaonekana imepauka.

Mvua zilianza, zikaisha. Jirani wa Mama Pindo, aliyekuwa akiitamani ile sebule, alikuja kuulizia namna ya kumpata fundi yule hodari asiyeacha kazi katikati.

"Hapatikani," Mama Pindo alimwambia, uzi mdomoni. "Ana jiko limemshinda kumaliza."