Watazamaji wa Kilomita ya Arobaini

Ilipogonga saa kumi na mbili kasorobo asubuhi lori lilikuwa limeshajaa, na bado watu walikuwa wanapanda. Nyadak alisimama chini kwenye vumbi, ameegemea gurudumu la nyuma, akisoma majina. Kila aliyeitwa aliitika, akapewa fulana ya njano yenye picha ya baiskeli kifuani, kisha akavutwa juu na waliomtangulia. Fulana zote zilikuwa saizi moja. Wembamba ziliwapwaya, na Abang, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba, aliivaa ikamkomea juu ya kitovu.

"Adolphe."

"Niko hapa, Mama. Ungenisahau ningelikimbia nyuma ya lori mpaka Lodwar."

Watu wakacheka kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeamka alfajiri ile kwa ajili ya baiskeli.

Mbio zilikuwa zimetangazwa tangu mwezi uliopita: kilomita mia moja na ishirini za lami, kutoka Kakuma mpaka Lodwar, na wageni kutoka nchi za mbali. Natasha, msichana wa kampuni ya maandalizi, alitoka Nairobi akaja kambini na miwani ya jua na simu mbili. Shida yake ilikuwa moja. Helikopta ingepiga picha barabara yote, na barabara yote ilikuwa nyika tupu.

"Nataka watu arobaini tu, Nyadak. Si wewe ndiye kiongozi wa block? Wasimame, wapige makofi, wapunge mikono. Iwe na raha."

"Na ruhusa ya kutoka kambi?"

"Pasi ya pamoja. Kakuma–Lodwar. Hiyo niachie mimi."

Neno Lodwar lilitosha. Kwa wengine, Lodwar ilikuwa mwendo wa saa mbili. Kwa mkimbizi ilikuwa pasi, na pasi ilikuwa dirisha la Ngugi, karani wa ruhusa za kutoka kambini. Mbele ya dirisha hilo Nyadak alikuwa amesimama mara nne. Mumewe, Chuol, alianguka kutoka kwenye paa la kanisa siku waliyokuwa wanabadilisha mabati. Mfupa wa paja ukakatika, akapelekwa hospitali ya Lodwar kutiwa vyuma. Katika gari la wagonjwa hapakuwa na nafasi ya mke. Kila jioni walizungumza kwa simu. Jumanne Chuol alisema daktari ameridhika. Jumatano simu yake haikupatikana. Alhamisi vilevile. Ijumaa Nyadak alirudi dirishani.

"Madam," Ngugi alimwambia, "mgonjwa ni yeye. Wewe unaumwa nini?"

"Mimi siumwi."

"Basi hakuna sababu ya kusafiri."

Saa hiyohiyo, mbele ya macho yake, Ngugi aliivuta karatasi ya Natasha, akaipiga muhuri, akaisukuma nje. Watu arobaini walipata ruhusa kwa muda mfupi kuliko ule uliomtosha kumnyima mmoja.

Nyadak hakuwa amemweleza Natasha habari za Chuol. Wala Adolphe, fundi cherehani wa Bukavu ambaye sasa alitunga uzi kwa kupapasa, hakusema kwamba alikuwa na kadi ya daktari wa macho huko Lodwar. Wala Abang hakusema kwamba dada yake alikuwa gereza la hukohuko na hajaonwa na mtu tangu Pasaka. Orodha ilijaa jioni moja. Kila jina lilikuwa na haja yake iliyofichwa chini ya fulana.

Lori likaondoka. Walivuka laga, mto wa mchanga uliokauka, wakaupita ule mlima wa Pelekech ukiwa bado umefunikwa na ukungu wa vumbi, na kwenye kizuizi cha kwanza askari akaitazama karatasi, akawapungia mkono. Wanawake wakaanza wimbo wa kanisani. Nyadak hakuimba. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

Kisha lori likapunguza mwendo, likasimama. Kando ya lami palikuwa na kibao cheupe kilichoandikwa 40, hema moja dogo, na Natasha.

"Karibuni! Shukeni, jipangeni upande huu, mstari mmoja."

"Hapa ni wapi?" Nyadak akauliza.

"Kilomita ya arobaini. Sehemu yenu."

"Sisi tunaenda Lodwar. Pasi imesema Kakuma–Lodwar."

Natasha akaigeuza nakala ya pasi mkononi mwa Nyadak na kumwonyesha mstari kwa ukucha uliopakwa rangi. Kando ya barabara ya Kakuma–Lodwar, kilomita ya arobaini, siku moja, kurudi saa kumi. Ilikuwa kwa Kiingereza, na Nyadak alikuwa ameisoma jana. Macho yake yaliona neno Lodwar, moyo ukakataa kuona mengine.

"Pole, dear. Mbona mlidhani tutabeba watu mpaka Lodwar? Lodwar ina watu wake."

Watu walishuka wakimtazama Nyadak. Yeye ndiye aliyewaandika. Lori likageuza likarudi kuchukua watu wa sehemu nyingine.

Mbio zilikuwa zianze saa mbili. Saa tatu ikapita, simu ya Natasha ikalia, akasema mgeni rasmi bado yuko angani. Saa nne ikapita. Jua likapanda likawakalia utosini. Pale hapakuwa na mti, ila vijiti vya miiba visivyo na kivuli, na mawe meusi yaliyorudisha joto usoni. Ndani ya hema mlikuwa na katoni sita za maji.

"Hayo ni ya waendeshaji," Natasha akasema, na kwa kweli alionekana kuona haya. "Ya kwenu yako njiani."

"Njiani wapi?" Adolphe akauliza. "Njia ndiyo hii, Mama. Sisi bantu tunaiangalia tangu asubuhi, hatuone kitu."

Abang alikuwa ameketi chini, kichwa kati ya magoti, midomo imepauka. Nyadak akaingia hemani, akachukua chupa mbili mbele ya Natasha, akampelekea Abang. Natasha akageuka akatazama simu yake.

Karibu saa tano na nusu helikopta ikasikika. Zikaja pikipiki za polisi, magari yenye ving'ora, kisha baiskeli zenyewe, zimebanana kama kundi la ndege, zikipiga mvumo mmoja mzito. Waendeshaji walipita kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Wakati wa kupita walitupa chupa zao, nyingine zikiwa na maji nusu, na watu wa fulana za njano wakazikimbilia, wakikanyagana, mikono juu, wakiita. Mwanamume aliyekuwa juu ya pikipiki na kamera akawageukia kwa furaha, akawapiga picha mpaka akatoweka kwenye kona.

"Safi sana!" Natasha akapaza sauti. Kisha akaona wanafanya nini, akaangalia pembeni. Gari lake lilipokuja aliliingia haraka. Alikuwa na kazi Lodwar. Aliwaachia katoni mbili.

Vumbi lilikuwa halijatulia alipotokea mwendeshaji wa mwisho akitembea, ameibeba baiskeli begani. Mwiba ulikuwa umelipasua tairi, na goti lake lilivuja damu mpaka kwenye soksi. Aliketi hemani, akawaambia anaitwa Kiprop, ametoka Iten, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuacha mbio. Nyadak akaliosha goti kwa maji kidogo, akalifunga kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Sasa utaenda vipi?" akamuuliza.

"Kuna basi. Linafuata nyuma kuokota wenye wamechoka. Linatupeleka mpaka Lodwar."

Nyadak alikuwa bado ameshika mguu wake. Akainua uso. Hakupanga maneno.

"Mume yangu iko hospitali Lodwar. Simu imezima siku tatu. Mimi nataka kuenda."

Kiprop akamtazama, akawatazama wale wengine. "Wewe mmoja, naweza jaribu. Wote siwezi."

Nyadak akarudi nyuma hatua moja. Watu wake walikuwa wamesikia. Abang akayafumba macho. Ni Adolphe aliyesema.

"Enda, Mama. Mutu mumoja akifika, ni kusema tumefika kidogo." Akatoa kadi yake ya macho kwenye mfuko wa shati, akaipapasa kingo zake, akampa. "Uwaambie banipe siku ingine."

Basi lilikuwa dogo, na viti vyake vyote vilikuwa vitupu. Dereva, Mturkana wa makamo aliyeitwa Lomorukai, aliteremka kuifunga baiskeli juu, akamwona Nyadak mlangoni.

"Ejok," akasalimia kwa Kiturkana. "Huyu naye?"

"Ni wa timu yangu," Kiprop akasema. "Ndiye alinifunga mguu."

Lomorukai akaitazama ile fulana ya njano kwa muda. "Basi avue hiyo. Hiyo ni ya watazamaji."

Nyadak akaivua juu ya gauni lake, akampa Abang ajifunike kichwa. Hakuthubutu kutazama nyuma basi lilipoondoka.

Vizuizi vitatu walivipita bila kusimama. Kwenye kila kimoja askari waliona kibandiko cha mbio kwenye kioo wakainua chuma mapema, na mmoja akawapigia saluti. Kabla ya Lodwar, karibu na daraja, Nyadak alisogelea kioo cha dirisha. Vibanda vyote vya kando ya barabara vilikuwa vimeng'olewa. Palibaki mashimo ya nguzo na mifagio ya matawi iliyotupwa. Mji ulikuwa umesafishwa.

"Mama mboga wamepelekwa wapi?" akauliza.

"Wewe ukishuka," Lomorukai akajibu, "tembea kama mtu anajua anaenda wapi."

Alishuka nyuma ya umati. Kipaza sauti kilikuwa kinamshukuru mgeni rasmi, kikawashukuru na ndugu wakimbizi, walivyojitokeza kwa wingi njia nzima. Watu wakapiga makofi. Nyadak alipita katikati yao akiwa ameinamisha kichwa.

Hospitalini, dirisha la macho lilikuwa limefungwa. Haikuwa siku yake. Wodi ya wanaume ilikuwa wazi. Kwenye kitanda cha Chuol, cha pili kutoka mlangoni kama alivyomwelezea kwenye simu, alilala mzee aliyeumwa na nyoka.

"Chuol Ruot?" Muuguzi, Daniella kwa kibandiko cha kifuani, alifungua daftari. "Aliruhusiwa Jumatano asubuhi."

"Akaenda wapi? Nyumbani hajafika."

Daniella akafunga daftari. Akamshika kiwiko, wakatoka mpaka penye sinki.

"Barua yake ya rufaa, ambayo ndiyo pasi yake, ilikuwa ya siku kumi na nne. Sisi tulimlaza siku kumi na tisa. Mguu ulikuwa haujakubali, tungefanya nini? Alitoka na magongo yake kutafuta gari la Kakuma. Lakini wiki hii walikuwa wanakusanya watu barabarani kwa sababu ya hizi mbio. Wenye kuuza, wenye kulala nje, wasio na pasi. Walipomshika hapo getini niliwaonyesha kadi yake ya mgonjwa. Wakasema kadi si pasi." Akashusha sauti. "Kuna kituo kidogo cha polisi nyuma ya soko la mbuzi. Lakini dada, wewe pasi unayo?"

Nyadak alisema ahsante.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha mawe na mlango wa chuma nyuma ya kaunta. Askari aliyekuwepo alikuwa anatazama marudio ya mbio kwenye simu. Harufu ilitoka chini ya ule mlango, ya jasho na ya ndoo.

"Natafuta Chuol Ruot. Ana vyuma kwa mguu."

"Wako wengi. Korti ni Jumatatu, utamwona huko." Hakuinua macho. "Pasi."

Nyadak aliwaza kwamba bado angeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Askari hajamtazama sawasawa usoni. Akaitoa nakala yake ya pasi ya pamoja, akaiweka juu ya simu.

Askari akaisoma mara mbili. "Hii imeandikwa kando ya barabara, kilomita ya arobaini. Hapa ni kando ya barabara?"

"Barabara ndiyo imenifikisha."

"Unanifanyia mchezo?" Akaikunja karatasi, akaitia kwenye droo, akageuza ufunguo. "Keti kwenye benchi hiyo. Na wewe ni wa Jumatatu sasa."

Nyadak hakuketi. Alipita ubavuni mwa kaunta mpaka kwenye ule mlango wa chuma, akaweka mdomo penye upenyo wa bawaba, akaliita jina la mumewe. Akaita tena, kwa Kinuer, kwa sauti ya kuitana ng'ambo ya mto. Ndani watu wakasogea. Mtu akapitisha neno, na mwingine akalipokea.

"Nyadak?" Sauti ya Chuol ilikuwa kavu, imetoka mbali kuliko upana wa nyumba ile. "Nani alikuleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Mguu vipi?"

"Toka hapo, mama!" askari akapiga kelele, akisukuma kiti chake nyuma.

"Mguu umevimba."

"Unalala wapi?"

Buti za askari zikakaribia nyuma yake.

"Hatulali wote pamoja, hakuna nafasi. Tunapokezana. Zamu yangu ni alfajiri."

"Na saa hizi zote?"

"Nasimama."

Mkono wa askari ulikuwa umeshamshika bega, unamvuta. Nyadak akaushika mlango kwa mikono miwili, akauliza tena, polepole, neno moja moja, kwa Kiswahili sasa, ili kila aliyekuwa mle ndani na yule aliyekuwa nyuma yake wasikie.

"Tangu Jumatano?"

"Tangu Jumatano," Chuol akajibu.