Kadi Iliyokataa Kuingia

Kadi ilikataa kuingia. Niliisukuma taratibu, nikaigeuza, nikaisukuma tena. Ikagota katikati na kubaki nusu nje, kama mtoto anayekutolea ulimi.

Ilikuwa kadi ya mtandao, pana kama karata ya kuchezea, na ndiyo ingeiwezesha laptop yangu kuukuu kuongea na kompyuta kubwa ya dukani. Mzee Mabula, mfanyakazi wetu, alishatoboa ukuta na kupitisha waya hadi hapa stoo. Kilichobaki ni kadi tu, nayo inaleta maringo.

Mwaka huo wa tisini na nane, magari ya kambi za dhahabu yalisimama Kahama kila siku kutafuta maturubai, mabuti na mchele, nasi tukawa wa kukimbia kati ya duka na stoo kuuliza nini kimebaki. Mimi nimesomea kompyuta Mwanza. Kazi ya kuunganisha hesabu za duka na stoo niliitaka kuliko kitu chochote. Lakini baba mkwe wangu, Pranlal, alikuwa ametoa hukumu kabla hajaenda benki.

"Nikirudi, kama mashine hizi haziongei, hiyo ndogo naiuza. Nawe, Mamta, jikoni kunakutosha."

Nikamwita Mabula. "Mzee wangu, hebu nimulikie tochi hapa."

Aliinama, akachungulia lile tundu la ubavuni. "Mama, humu ndani kuna kitu kinang'aa."

Nilizima laptop, nikaiinamisha na kuigonga mgongoni. Ikadondoka punje ya mchele, nyekundu. Halafu ikadondoka sarafu ya fedha, kongwe, imepakwa unga mwekundu wa ibada.

Mchele na unga ule hushikwa na mtu mmoja tu nyumbani kwetu, mama mkwe wangu Maniben, ambaye sote tunamwita Ba, yaani mama. Jana yake ilikuwa Diwali, sikukuu yetu ya taa, siku ya kubariki hesabu za mwaka mpya. Pranlal alikuwa ameyabariki madaftari mapya ya hesabu, akakataa kuibariki laptop yangu. Ba alisimama pembeni, kimya, kama kawaida yake. Miaka miwili nimeishi naye na sijajua anawaza nini. Sasa nilijua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ba akaingia na chai wakati huohuo. Akaiona sarafu mkononi mwangu.

"Ba, ni wewe uliyeiweka humu?"

"Ni mimi."

Hakupepesa hata macho.

"Umeniharibia, Ba. Baba anarudi sasa hivi."

"Nimekuharibia?" Alikitua kikombe mezani kwa nguvu, chai ikamwagikia kisahani. "Niliona kimlango. Sanduku la sadaka la hekalu letu kule Shinyanga lina kimlango vilevile. Baba yenu aliyabariki madaftari yake, mashine yako akairuka. Nikasema nayo ibarikiwe."

Aliichukua sarafu, akaifuta kwa pindo la sari, akaiweka mezani.

"Nilipokuwa msichana Tinde, niliandika hesabu za duka la baba yangu. Mwezi nilioolewa akanilipa hii. Nilipofika hapa, baba yenu akasema mkono wenye bangili haushiki kalamu ya duka. Akaitaka na sarafu aiweke kwenye sefu. Nikamwambia imepotea njiani."

"Ukaificha miaka yote hii?"

"Yote."

Mwanamke niliyemdhania adui alikuwa amenipa mshahara wake wa kwanza na wa mwisho. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mabula alikohoa, akageukia magunia kana kwamba anayakagua.

Nilipuliza vumbi kwenye tundu, nikasukuma kadi. Safari hii iliteleza yote, ikalia ta. Nikachomeka waya, nikawasha, nikaingiza disketi iliyokuja na kadi, nikasubiri huku nimeuma kidole. Kitaa kidogo cha kijani kikawaka, na jina la kompyuta ya dukani likajitokeza kwenye kioo. Nikalifungua. Bidhaa zote za dukani zilikuwa mbele yangu, mstari kwa mstari.

"Zinaongea, Ba."

"Zinaongea?" Sauti ilitoka mlangoni. Pranlal alikuwa amerudi. Alisogea atazame, lakini macho yake yakaishia mezani, kwenye sarafu.

"Hii imetoka wapi?"

Nikafungua kinywa nitunge uongo wowote. Ba akanishika bega.

"Haikupotea," alimwambia mumewe. "Nilikudanganya."

Pranlal aliketi juu ya gunia la mchele, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikalia bidhaa. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Ba hakumsubiri aseme kitu. Alizipandisha bangili zake zote hadi karibu na kiwiko, akavuta kigoda, akaketi mbele ya laptop.

"Mamta," alisema, "nionyeshe pa kuandika."